Mwenzangu Mwenye Bwawa

Nyumbani, 4 Februari

Chiriku,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Tangu urudi huko kiwanda cha karatasi umeandika mara moja tu, wewe uliyekuwa hufungi mdomo hata tonge likiwa ndani. Baba, aliyekupa hilo jina la Chiriku, anauliza kama huko kwenye karatasi wamekukata ulimi.

Sisi tupo. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kwamba si msichana tena. Baba amekaa hapa kando yangu ananisikiliza. Sheria ya nyumba hujaisahau: barua inayotoka inasomwa kwa sauti, na inayoingia inasomwa kwa sauti. Simu haitaki katakata. Anasema maneno ya simu yakishapita yamepita, huwezi kuyarudia kesho.

Bwawa lake linaendelea vizuri. Nasema lake, ingawa mimi ndiye ninayeamkia mle kila siku. Yeye na marehemu Mama walilichimba kwa majembe, na kila mteja anayekuja kununua vifaranga vya samaki lazima ahadithiwe hayo, atake asitake. Perege wamezaa tena, wadogo kama punje za mchele.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Vumbi, ndugu yangu. Tangu yafunguliwe machimbo ya kokoto kule juu, malori yanapita mbele ya nyumba kutwa. Meza nikiifuta asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kifua cha Baba kimekuwa filimbi. Daktari amesema dawa ya kwanza ni kumtoa kwenye vumbi. Baba akamjibu kwamba yeye hang'oki alipozikwa mkewe, kama kuna wa kuhama basi ahame daktari. Sasa hatoki nje. Anashinda chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa na matambara nimeyasokomeza chini ya mlango. Mtu aliyeishi maisha yake yote nje! Inaniuma, Chiriku.

Uliwahi kutuambia kuna kitu kinatoka kiwandani kwenu, kinamwagwa barabarani kinashika vumbi. Ni kweli, au ulikuwa unapiga soga? Kama ni kweli, fanya mpango.

Baba anasema: jiangalie, na ufunge mdomo unapofanya kazi na dawa.

Dada yako,
Mkia


Kiwandani, 26 Februari

Dada,

Shikamoo, tena mbili, moja ni ya deni. Shikamoo Baba. Ulimi upo, muda ndio umekatwa. Bado nalala kile chumba cha mabati nyuma ya ghala na wenzangu wawili, na mmoja wao anakoroma mpaka sufuria zinaitikia. Na wewe bado unatia sahihi Mkia? Baba alikupa jina hilo kwa sababu ulikuwa unamfuata nyuma kila aendako. Sasa yeye hatoki, wewe unamfuata wapi?

Si soga. Ukipika vipande vya miti kwa dawa ili upate nyuzi za kutengenezea karatasi, kinachobaki ni maji meusi mazito, yananata kama asali iliyoungua. Sisi tunayaita sharubati. Mna humo sukari ya mti, na ile gundi inayoufanya mti usimame. Zamani yalikuwa yanamwagwa mtoni, basi. Siku hizi yanapelekwa kwenye barabara za vumbi, yanashikamanisha udongo mpaka unakuwa kama sakafu. Kiwanda kinayatoa bure kwa sababu kukaa nayo ni mzigo.

Na usiwe na wasiwasi na bwawa. Kitu hiki kimetoka kwenye mti, kinaoza kama mti. Mimi mwenyewe ndiye mpimaji! Natia tone kwenye chupa ya maji ya mto, naifunga, naiweka kwenye kabati la giza siku tano, kisha naangalia wale wadudu wasioonekana kwa macho wamekula kiasi gani. Wanakula, Dada. Wanakula kama wameitwa harusini. Si sumu, kinaoza chenyewe.

Nimemwangukia mkubwa wa maabara, naye amezungumza na mkubwa wa magari. Dereva wetu mmoja mwenye pengo atakuja na tangi mwezi ujao, atamwaga kuanzia machimboni hadi njia panda. Sharti ni moja: kikimwagwa kipate jua siku mbili tatu kikauke. Kisinyeshewe.

Baba, mdomo naufunga. Nafungua wakati wa kula tu.

Mdogo wako,
Chiriku


Nyumbani, 2 Aprili

Chiriku wetu,

Marahaba, na leo nakupa kwa mikono miwili. Gari lilikuja! Huyo dereva wako mwenye pengo ana maneno kuliko wewe, sikudhani inawezekana. Alimwaga barabara yote, harufu ya sukari iliyoungua ikajaa mpaka jikoni. Majirani wakatoka kutazama. Mvua ilinyesha usiku ule ule, kubwa, nikasema basi, imekwenda. Kumbe imebaki ya kutosha. Sasa lori linapita na huoni kitu nyuma yake.

Wacha nikuambie la Baba. Siku ya kwanza alichungulia tu. Ya pili akafungua dirisha mwenyewe. Juzi nilikuwa nafua, nikasikia kitu kinaburuzwa, kugeuka namwona na kiti chake cha kamba, anakitoa nje. Akakaa. Nikamwambia Baba utachoka. Akaniambia, "Nimechoka kukaa ndani." Jana ametembea mpaka kwenye uzio akarudi, hakusimama kupumua hata mara moja. Anakula. Anatukana malori kwa sauti nzima, bila kukohoa katikati ya tusi.

Nimelia, sikufichi. Mungu akulipe.

Baba anasema huyo dereva arekebishwe meno, kiwanda kizima hakikosi daktari wa meno.

Mkia


Kiwandani, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Shikamoo Baba, mwenye kiti chake. Barua yenu nimeisoma mara nne, na ya tano nimemsomea yule anayekoroma, naye akafurahi kisha akalala.

Hapa joto. Kabati la chupa limeharibika mlango, nimeufunga kwa kamba. Mkubwa anasema likizo yangu itakuwa mwisho wa mwaka, lakini mkubwa husema mengi.

Umeandika mvua ilinyesha usiku ule ule. Ilikuwa kubwa kiasi gani? Maji ya barabarani pale kwetu bado yanashuka upande wa bwawani, au mlishachimba mtaro? Nauliza tu.

Samaki hawajambo?

Chiriku


Nyumbani, 9 Juni

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, kazi zilinizidi. Baba hajambo, tena sana. Anazunguka uani siku nzima, anapanga kuni zilizokwisha kupangwa. Bwawani namkataza, kule chini kunateleza. Anataka kwenda, mimi namwambia subiri pakauke, na tunagombana kidogo kila siku ili tusichoke.

Yule jirani fundi seremala kapata mtoto wa kike. Mbuzi wetu mweusi amekufa, uzee tu.

Nina swali, si langu. Kuna mwenzangu mmoja huku, mfugaji wa samaki kama mimi, bwawa lake nalo liko chini ya barabara. Baada ya ile mvua maji yake yaligeuka rangi ya chai. Alfajiri iliyofuata alikuta perege wote wamekuja juu, midomo wazi, wanahema. Mpaka jua linatoka walikuwa wamegeuza matumbo. Wazazi, vifaranga, wote. Wamebaki kambare tu. Mwenzangu huyo hana kazi nyingine, na hana wa kumuuliza. Wewe mwenye chupa, unasemaje? Ni ile sharubati? Ulisema si sumu.

Nimemsomea Baba hapa, amesema mpe pole sana huyo mwenzako.

Mkia


Kiwandani, 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Shikamoo Baba. Hongera kwa seremala. Pole kwa mbuzi.

Mwambie mwenzako kwamba samaki wake hawakula sumu. Walikosa hewa. Majini mna hewa iliyoyeyuka, na samaki anavuta hiyo. Sukari ya sharubati ikiingia, wale wadudu wasioonekana wanaikimbilia, wanakula, wanazaana, na kila mlaji anavuta hewa. Alfajiri inakuwa imekwisha yote. Kambare amepona kwa sababu yeye huja juu akapiga funda la hewa ya kwetu sisi. Dada, kile nilichokuwa najisifia, kwamba kinaoza upesi, ndicho kilichowaua. Kama kisingeoza, wangekuwa hai. Nimekaa na chupa hizi miaka, nikiona hewa imepungua ndani naandika vizuri, kinaoza. Sijawahi kufikiria kwamba ndani ya chupa angekuwamo samaki.

Sukari huisha. Inayobaki ni gundi ya mti, ndiyo hiyo rangi ya chai. Hiyo nayo huoza, lakini polepole mno. Kwenye siku zangu tano hata haionekani kama imeguswa. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Asiweke samaki wapya kwa sasa. Apitishe maji safi kama anayo, ayapigepige kwa kasia asubuhi, na chini asikoroge. Na asubiri. Dawa nyingine haipo.

Kubwa kuliko yote, sharubati isimwagwe tena barabarani juu ya bwawa lake. Safari ya pili maji hayo hayatakuwa na nguvu ya kupona.

Mpe pole huyo mwenzako. Mwambie aliyeipima sharubati hiyo hana raha.

Chiriku


Nyumbani, 14 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Najua ni muda mrefu. Tumemaliza msimu wa mvua, na sasa ni kiangazi hasa. Mtoto wa seremala ana mashavu kama maandazi.

Mwenzangu alifanya yote uliyosema. Kasia limemtoa malengelenge. Maji bado ya rangi, lakini ukitumbukiza mkono unaona vidole, zamani ulikuwa huvioni. Vyura wamerudi. Anakushukuru, na anasema huyo mpimaji asijitese.

Ila barabara imefumuka. Ile sharubati imekwisha, malori yameichana, vumbi limerudi kama halijawahi kuondoka. Baba ameanza tena. Jana hakutoka nje. Filimbi imerudi kifuani, usiku haumlazi. Kwa hiyo nakuomba gari lije tena.

Najua utaniuliza, na mwenzako? Mwenzangu naye ana mzee anayekohoa. Amefikiri, akaamua gari lije. Samaki wanafugwa tena, baba hafugwi.

Baba amecheka hapo mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia akaniuliza, "Na huyo mzee wa mwenzako, ameulizwa?" Nikamwambia hakuulizwa, wazee hawaulizwi, wanatunzwa. Akasema, "Aa." Basi.

Haya ya chini naandika baada ya kumsomea, ameshakwenda kulala. Huyo mwenzangu, tuendelee kumwita hivyo, ananunua perege sokoni, anawaleta kwenye kikapu kilekile cha bwawani, na mzee wake hajui lolote. Akila husema, "Hawa ndio samaki. Hawa wa bwawa letu hawana mfano." Kila mara anasifu hivyo, na mwenzangu anageukia dirishani. Sasa usiniulize tena habari za samaki. Niletee gari.

Mkia


Kiwandani, 5 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Shikamoo Baba, na kikohozi kishindwe.

Gari litakuja katikati ya mwezi huu, dereva ni yuleyule mwenye pengo. Mwambie mwenzako achimbe mtaro kati ya barabara na bwawa, na tuta juu yake. Kwa majirani zake maji yanashuka upande wa pili, hayana shida, ni pale mbele ya nyumba yake tu ndipo yanapokwenda bwawani. Mtaro hautazuia yote, mvua ikiwa kubwa itapita. Lakini achimbe.

Kama amebadili mawazo aseme mapema.

Chiriku


Nyumbani, 11 Novemba

Wewe,

Leo sikupi marahaba. Hivi mnatuchezea?

Gari lilikuja siku ya soko, mimi sipo, majirani nao wako sokoni. Narudi na kikapu changu nakuta barabara inang'aa nyeusi kutoka machimboni, nikasema ahsante Mungu. Nafika kwetu, nyeupe! Mbele ya nyumba yetu yote, kuanzia mwanzo wa uzio mpaka kwenye jiwe la mpaka, vumbi tupu. Kwa seremala wamemwaga. Kwa yule bibi mshonaji wamemwaga. Kwetu wameruka kama tuna ukoma! Malori yakitoka kwenye ile sakafu ya wenzetu yanaingia kwetu kwa kasi, na vumbi lote la barabara tunalifaidi sisi.

Sharubati iliisha pale pale hasa? Au huyo pengo wako alikuwa anacheka na watu akasahau kufungua bomba? Mtaro nimeuchimba, mgongo umekufa, na haukupata cha kuzuia.

Baba amerudi chumba cha nyuma. Chakula hali vizuri. Nikimwambia nitakuandikia ananiambia, "Waache, wamesahau. Wazee husahauliwa." Anasema hivyo kwa upole, nami nazidi kuwaka. Kiti chake kimebaki nje na kamba imelegea.

Rudisha gari. Nakuomba kwa jina la Mama, rudisha gari.

Mkia


Kiwandani, 28 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimeuliza. Dereva anasema kazi aliyopewa aliimaliza. Gari sasa limepelekwa mkoa mwingine. Nitafuatilia.

Likizo yangu imesogezwa. Nitajitahidi.

Baba anaweza kutembea mpaka bwawani siku hizi? Mwulize kwa niaba yangu. Au usimwulize.

Sina mengi.

Chiriku


Kiwandani, 17 Januari

Dada Mkia,

Shikamoo. Nimefika salama. Barua hii huna wa kumsomea, nami sina wa kumwamkia baada yako, na kalamu imekaa mkononi muda mrefu nilipofika mahali pa "Shikamoo Baba".

Nilifika kaburi limekwisha kufunikwa. Nimekaa kwako siku zile zote, tumekunywa chai meza moja, umenipikia, umenifulia shati, na hukuniuliza kitu. Nami sikusema kitu. Najua unachoamini. Siku ile ya kuondoka ulinishika mkono ukasema, "Gari lingerudi, angekuwa hapa." Nikapanda basi.

Sasa sikiliza. Nilipopata barua yako ya hasira nilimfuata dereva karakana. Alijaribu kucheka, akashindwa. Akasema siku ile alipofika mbele ya nyumba alikuta mzee amekaa katikati ya barabara, juu ya kiti cha kamba, kitambaa puani. Akapiga honi. Mzee hakusogea. Akashuka, na yule mzee akamwomba amshike mkono, wakateremka wote mpaka bwawani, polepole, wakisimama. Akamwonyesha maji. Akamwambia, "Yalikuwa meusi haya. Sasa yanaanza kuonyesha chini. Mwanangu anadhani sijui. Mlipomwaga mara ya kwanza nilipata pumzi ya kutembea, na mahali pa kwanza nilipokwenda alipokuwa sokoni ni hapa."

Dereva akamwambia mzee, lakini kifua chako. Baba akasema, "Nimeshapumua mwaka mzuri. Huyu binti bado ana miaka ya kula. Pita hapa bila kumwaga, endelea mbele." Dereva alikataa, akasema ana amri ya kazi. Baba akarudi akakaa tena kwenye kiti chake, barabarani, na malori ya kokoto yakaanza kupanga foleni nyuma ya tangi. Dereva akafunga bomba, akapita.

Kabla hajaondoka Baba alimpa ujumbe wa kuniletea. "Mwambie Chiriku anyamaze, mara moja tu maishani mwake. Mkia asijue, atanibishia."

Nikanyamaza. Nilikuwa na uwezo wa kulirudisha gari, Dada. Ningesema neno moja kwa mkubwa lingerudi. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitasema, na kila asubuhi nilimsikia yeye. Sijui kama nilimtii au nilimwua. Niambie wewe. Au usinijibu, ni haki yako.

Mdogo wako


Nyumbani, 3 Aprili

Chiriku mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu, usidhani imepotea posta. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti, kwa mazoea, chumbani kwake, mpaka nilipofika pale pa kiti. Nikaifungia kabatini nikasema sikuandikii tena wewe maisha yako yote. Nilikuchukia, nisiseme uongo. Nikamchukia na yeye. Nilisimama barabarani nikapiga kelele peke yangu, "Nani alikutuma?" Yule bibi mshonaji akatoka akanishika akaniingiza ndani, akadhani nimerukwa na akili.

Kisha nikakumbuka swali lake. "Na huyo mzee, ameulizwa?" Alikuwa ananiambia, Chiriku, uso kwa uso, na mimi nikamjibu kwa kiburi cha mtoto mkubwa. Hakuulizwa, akajibu mwenyewe. Hujamwua. Alikuwa na akili zake zote, na hakuna kati yetu aliyewahi kushindana naye akashinda. Uliniambia ukweli ulipoweza, basi, mzigo huo utue. Mimi wangu nitautua polepole.

Habari za huku. Mvua zimeanza, barabara ni tope tupu, hakuna vumbi hata chembe. Mtoto wa seremala anasimama dede. Na maji, ndugu yangu, yamepona. Ulisema inaoza, na kweli imeoza, ilichelewa tu. Rangi imekwisha. Nikisimama ukingoni naona chini kabisa, naona alama za jembe ambazo sikuwahi kuziona tangu nizaliwe, za kwake pana na za Mama fupi fupi. Wale perege wachache niliowatia baada ya matanga wamekua na wamezaa. Wateja wameanza kuulizia vifaranga.

Jana nilivua mmoja, wa kwanza tangu ile mvua. Nikampika kama nilivyokuwa nampikia Baba, chumvi na limau tu, nikakaa kwenye kiti chake nje. Nilikuwa nimesahau ladha yake, mwaka mzima nimekula wa sokoni kama yeye. Nikatia tonge la kwanza mdomoni.

Chiriku, hawafanani. Hawafanani hata kidogo. Hawa wa kwetu wana utamu fulani, nyama yao imeshikana. Wale wa sokoni ni laini na wana harufu ya tope. Hata mtoto mdogo angejua. Na yeye alikuwa amewala hawa wa kwetu tangu kabla sisi hatujazaliwa.

Alijua tangu siku ya kwanza nilipomwekea sahani, kabla hata hajatembea mpaka bwawani. Na kila siku alikula mpaka miiba, akalamba vidole, akaniambia hawa wa bwawa letu hawana mfano.

Nimeshindwa kummaliza yule samaki. Njoo likizo, umalize wewe.

Dada yako,
Mkia